Skechi ya ufukwe wa Peleliu ambayo haikuchorwa ufukweni: kisa cha Tom Lea, Septemba 1944

Kuna picha moja ya vita ambayo hata kama hujui jina la aliyeichora utakuwa umeshakutana nayo mahali, askari wa Kimarekani kavaa helmeti, macho makubwa yametoka, yanaangalia mbele lakini hayaoni kitu, nyuma yake kilima kimeungua na moshi umetanda. Watu wakiirusha huwa wanaandika kwamba ilichorwa palepale ufukweni risasi zikipita juu ya kichwa cha mchoraji. Si kweli jamani, na wa kwanza kusema si kweli alikuwa mchoraji mwenyewe, Tom Lea, na alisema bila kuulizwa. Mimi hicho kitendo chake cha kusema ndicho kimenifanya nikae na kisa hiki muda mrefu, kwa sababu nachora pia, na najua ilivyo rahisi kuacha watu waamini kwamba ulikuwa na penseli mkononi wakati ulikuwa umelala kifudifudi unaomba Mungu.

Tuanze na mahali. Peleliu ni kisiwa kidogo cha Palau, kule Bahari ya Pasifiki, kama kilomita za mraba 13 hivi, mchanga mweupe wa matumbawe, mwamba nje kama huu tunaoujua sisi watu wa pwani, ule unaovunja mawimbi na ndani yake maji yanakuwa ya kina kifupi. Palau ilikuwa koloni la Mjerumani tangu 1899 alipoinunua kwa Mhispania, Mjapani akaichukua 1914, baada ya vita ile ya kwanza Umoja wa Mataifa wa wakati ule ukamkabidhi Mjapani aitawale kwa udhamini, karata ileile iliyochezwa Tanganyika kwa upande wa Mwingereza. Kwa hiyo ukisikia Palau usione ni mbali sana na historia yako, tulikuwa kwenye daftari moja la Berlin.

1944 Wamarekani wakautaka uwanja wa ndege wa Peleliu. Kazi wakapewa Divisheni ya Kwanza ya Marine, yaani askari wa Kimarekani wa kushambulia kutoka baharini, ya Meja Jenerali William Rupertus, ambaye aliwaambia watu wake itakuwa ngumu lakini fupi, siku tatu hivi. Meli na ndege zikapiga kisiwa siku tatu mfululizo mpaka amiri wa mizinga akaona hana tena cha kulenga. Upande wa pili alikuwepo Kanali Kunio Nakagawa na watu kama 10,900, na yeye alikuwa ameamua kutomaliza watu wake ufukweni, aliwaweka ndani ya mapango ya vilima vya katikati, ufukweni akaacha bunduki na mizinga ya kutosha tu iliyofichwa pembeni ili ipige kwa ubavu. Hiyo "kwa ubavu" ikumbuke, tutairudia.

Tom Lea alikuwa na miaka 37. Mtu wa El Paso, Texas, baba yake aliwahi kuwa meya wa mji huo, amesoma sanaa Chicago, kazi yake kabla ya vita ilikuwa kuchora michoro mikubwa ya ukutani kwenye majengo ya serikali. Tangu 1941 alikuwa akifanya kazi na jarida la Life kama mchoraji wa vita, ameenda na misafara ya meli Atlantiki ya Kaskazini, 1942 amekaa wiki kadhaa kwenye meli ya kubebea ndege Hornet, akashuka, siku chache baadaye meli ikazamishwa na watu aliowachora wakiwa ndani. Sio mgeni wa vita basi. Lakini mpaka hapo vita aliyoiona ilikuwa ya sitaha na upeo wa macho, adui ni kadoti angani. Hajawahi kuwa mchangani.

Tarehe 15 Septemba 1944, wimbi la kwanza linagusa mchanga saa 2:32 asubuhi. Lea anafuata kama robo saa baadaye, yuko na watu wa kampuni ya makao makuu ya Rejimenti ya 7, kapteni wao Frank Farrell. Rejimenti ya 7 ilipewa kipande cha kusini kabisa, ufukwe ulioitwa Orange 3, na hapa ndio ile "kwa ubavu" inaingia. Njia ya kuelekea Orange 3 ilikuwa imejaa vizuizi kwenye mwamba, vile vyombo vya kutembea majini na nchi kavu vikalazimika kuingia vikifuatana kwa mstari badala ya kusambaa, na mizinga ya Wajapani iko kwenye ncha ya kusini na kivisiwa cha pembeni inavipiga kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo yule mchoraji hakutua mahali rahisi wala nyuma ya vita. Siku ile peke yake divisheni ilipoteza watu zaidi ya 1,100, waliokufa zaidi ya 200, waliobaki majeruhi, na hapo hujahesabu waliodondoka kwa joto. Maji ya kunywa yaliletwa kwenye mapipa yaliyokuwa ya mafuta, hayakusafishwa vizuri, watu wakanywa wakaugua.

Sasa swali la mtu anayechora: daftari liko wapi saa hizi? Lipo, kaja nalo. Halikufunguliwa. Lea aliandika baadaye, kwenye kitabu kidogo alichochapisha El Paso 1945 nakala 500 tu, kwamba pale ufukweni kuchora au kuandika hakukuwezekana kabisa, kazi yake ilikuwa kujaribu asiuawe na kujaribu kukariri anachokiona na anachokisikia mwilini. Akakaa chini ya moto saa 32. Jioni ya siku ya pili akarudishwa kwenye meli iliyokuwa nje ya mwamba, na hapo ndipo akafungua daftari, na anasema kabisa kwamba alianza kuweka maneno na michoro kabla mkono haujatulia.

Hebu kaa na hilo kidogo. Ile tunayoiita skechi ya ufukwe uliotekwa sasa hivi imechorwa juu ya meza ya meli, na mtu ambaye anauona ufukwe kwa mbali ukitoa moshi, mkono unatetemeka, na anayoyachora mengine yana umri wa siku moja na nusu kichwani mwake. Je hiyo bado ni ushahidi? Mimi nasema ndiyo, na nitasema kwa nini, ila sio kwa ile sababu rahisi kwamba "msanii ana hisia".

Sababu yenyewe ni nini kumbukumbu ilichagua. Mchoraji akiwa amekaa mahali salama anachora kinachokaa kimya, mahema, magari yaliyopinduka, mistari ya mapipa, wanaume wamekaa wanakula. Ndio maana skechi nyingi za fukwe zilizotekwa, za vita vyovyote, ni picha za shehena. Na zina thamani yake, zinakuonyesha meli ziko wapi na mizigo imelala vipi. Lea angekaa siku ya tatu akachora shehena asingekosea. Lakini mtu aliyekuwa na saa 32 bila penseli, akili yake haihifadhi shehena. Inahifadhi vitu vichache sana na inavihifadhi kwa ukali wa ajabu. Niliwahi kupita kwenye ajali ya basi, daftari lilikuwa kwenye begi mgongoni, sikulitoa na wala sikuona aibu, tulikuwa tunabeba watu. Nilikuja kuchora usiku wa kesho yake na basi lenyewe sikuweza kulikumbuka hata rangi, nilichokumbuka ni mzee mmoja anaokota machungwa yake yaliyomwagika kwenye lami, anafuta moja moja kwenye shati. Mikono ya yule mzee ningeweza kuichora hata leo.

Machungwa ya Lea ni mtu mmoja. Muda mfupi baada ya kutua, akiwa amelala kwenye mchanga, alimwona askari majeruhi anatembea kuelekea upande wa bahari, kuelekea vile vyombo, nusu ya uso imepondwa, mkono mmoja umechanika unaning'inia, na ule upande wa uso uliobaki mzima ulikuwa na uvumilivu ambao Lea anasema ulimtisha kuliko chochote alichowahi kukiona. Sio maumivu, sio hasira, uvumilivu, kama mtu anayesubiri zamu yake. Halafu yule askari akaanguka nyuma ya Lea kwenye mchanga mweupe. Kutoka kwenye mchoro wa kumbukumbu hiyo ikaja picha ya rangi aliyoiita The Price, yaani gharama. Upande mmoja wa mwili wote ni damu, na haikufichwa, wala haijapambwa. Nyuma yake hakuna kitu unachoweza kukielekeza kidole, moshi na mwanga tu. Huwezi kusema hii ni Orange 3 mita fulani kutoka majini. Kama ramani haina kazi. Lakini kama rekodi ya kitu ambacho jicho moja lilibeba kutoka ufukweni hadi melini bila kukimwaga, sijaona nyingine kama hii.

Na angalia ilikuwa na uzito gani kwa wakati ule. Mwaka mmoja kabla, Septemba 1943, jarida hilohilo lilikuwa limechapisha picha ya kamera ya George Strock, Wamarekani watatu wamekufa kwenye mchanga wa Buna, New Guinea, nao ni ufukwe, na ilibidi serikali ishawishiwe miezi mingi kwanza maana Wamarekani hawakuwa wanaonyeshwa maiti zao waziwazi. Kwenye picha ile huoni uso hata mmoja, na ni nyeusi na nyeupe. Lea akaleta uso, akaleta rangi. Kamera ilikuwepo ufukweni kwa wakati ule ule wa tukio, mkono wa mchoraji umekuja kesho yake, na wa kesho yake ndio ukasema zaidi. Hili watu wanaoshikilia kwamba picha ya kweli ni ile ya papo hapo tu wanapaswa walifikirie vizuri.

Sisemi papo hapo haina maana. Mkanada Orville Fisher alitua Normandy tarehe 6 Juni 1944 na vijitabu vidogo visivyoingia maji amevifunga mkononi kwenye kiwiko cha kiganja, anapiga mistari ya haraka ya makaa, anakimbia, anapiga tena, halafu baadaye akitulia ndio anatengeneza picha kamili za rangi ya maji. Njia nzuri sana na naiheshimu. Unapata mielekeo ya miili, watu wameinama vipi chini ya mzigo, kitu ambacho kumbukumbu huwa inanyoosha. Mchoraji Kerr Eby naye aliyekuwa kisiwa cha Tarawa, Pasifiki, Novemba 1943, kule ambako maji mafu yaliwakwamisha watu, boti zikagota kwenye mwamba na askari wakatembea majini mamia ya mita wakipigwa risasi, alichora kwa makaa miili iliyonasa kwenye seng'enge maji yalipokupwa. Ile kazi imekamilishwa baadaye, na kila mtu wa pwani akiiona atajua mara moja ni maji ya namna gani yale, yamerudi nyuma taratibu na kuacha kilichokuwa kimefichwa. Wote watatu wametoa ukweli, ila kila mmoja ametoa ukweli wa umbali tofauti, na tatizo linakuja pale tu tunapoambiwa umbali haukuwepo.

Hapo ndipo sasa niiseme ile picha maarufu, ya macho. Kwa Kiingereza jina lake linazungumzia macho yanayotazama yadi 2,000 mbele, msemo wa Marine wenyewe. Ilichapishwa na nyingine za Peleliu kwenye Life ya tarehe 11 Juni 1945, miezi karibu tisa baada ya ufukwe, Ujerumani imeshasalimu amri na Okinawa bado inawaka. Maelezo yaliyoambatana nayo yanaeleza kwamba askari huyu ametoka Marekani miezi 31 iliyopita, amejeruhiwa kwenye mapigano yake ya kwanza, ameugua magonjwa ya joto, theluthi mbili ya kampuni yake wamekufa au kujeruhiwa, na asubuhi hii anarudi tena kushambulia. Maneno mazito, yananigusa kila nikiyasoma. Lakini hesabu masaa. Lea alikuwa pale saa 32. Alikutana na usiku mmoja tu nchi kavu. Kwa hiyo uso ule unaweza kuwa wa mtu mmoja aliyemwona kwa macho yake, ila maisha yaliyoandikwa chini yake ni maisha ya divisheni nzima, mapigano yake yote, Guadalcanal 1942, Cape Gloucester mwisho wa 1943, kisha Peleliu, na mlima ulio nyuma yake ndio ule ulioendelea kuua watu wiki kwa wiki baada ya mchoraji kuondoka. Picha imebeba na yaliyokuja baada ya zile saa 32. Sioni kama ni uongo, naona ni mchoraji aliyeingia studio El Paso, akasoma habari zinazoendelea kuja kutoka kule alikotoka, na kila alichosikia kikaingia kwenye yale macho. Ila ukiiweka kama "askari aliyeonekana ufukweni tarehe 15" unaipunguza na unaipotosha kwa pamoja.

Na neno "kutekwa" lenyewe linahitaji kushikwa kwa uangalifu. Jioni ya siku ya kwanza ufukwe uliokuwa mikononi mwa Wamarekani ulikuwa na urefu wa kilomita mbili na kitu, kina chake wastani wa nusu kilomita tu. Alasiri hiyo vifaru vya Wajapani vilikuwa vimetoka kasi kupitia uwanja wa ndege, vikamalizwa, lakini vilitoka. Makombora yaliendelea kudondoka kwenye mchanga huo huo ambao kwenye ramani ya melini ulishapakwa rangi ya "wetu". Siku tatu za Rupertus zikawa zaidi ya siku 70, mpaka tarehe 27 Novemba, Wamarekani waliokufa kama 1,800, Wajapani karibu wote, Nakagawa akajiua siku chache kabla ya mwisho. Na walikuwepo Wajapani 34 waliobaki mapangoni wakatoka Aprili 1947. Ufukwe uliotekwa Septemba 1944, watu wanatoka mapangoni 1947! Ndio maana mimi skechi ya Lea naiamini kuliko picha nyingi nadhifu za baada ya ushindi, maana kwenye kazi zake za Peleliu hakuna hata moja inayokupa ile raha kwamba imeisha. Kuna moja ya kasisi amesimama na majeruhi kwenye shimo la kombora lililogeuzwa hospitali. Ukiitazama unajiuliza usiku utakuwaje.

Kuna watu ambao hawamo. Wajapani wapo kama maiti au kama mlio, hawana sura, na hilo ni la kawaida kwa mchoraji aliyevaa sare za upande mmoja lakini bado tuliseme. Na wenyeji wa Peleliu hawamo kabisa, kwa sababu walikuwa wameshahamishwa na Wajapani kabla ya mapigano, wakaja kurudi wakakuta vijiji havipo, miti haipo, kisiwa kimekuwa mfupa. Huo mchanga mweupe unaoonekana kama mahali patupu palipongoja vita palikuwa na majina ya mashamba ya watu. Simlaumu Lea kwa kutochora asichokiona. Ila sisi tunaotoka sehemu ambazo watu wengine walikuja kupigania vita vyao tukiangalia skechi ya ufukwe mtupu tuna haki ya kuuliza upande wa pili, wenye ufukwe wako wapi leo?

Kama unafundisha kuchora, au unafundisha historia, na unataka kutumia kisa hiki, ushauri wangu ni mmoja tu, usiwaonyeshe wanafunzi picha ya macho kwanza. Waambie kwanza kuhusu daftari lililofungwa saa 32. Waulize wangechora nini jioni ya siku ya pili. Wape penseli, wape dakika kumi, wachore kutoka kichwani kitu kilichowatisha zamani, halafu ndio uwaonyeshe The Price. Nimefanya hivi na vijana mara kadhaa, darasa linakuwa kimya na wanaanza kuuliza maswali ambayo hata mimi sikuyafikiria. Kijana mmoja alitaka kujua yule majeruhi alikuwa anaelekea wapi. Alikuwa anaelekea majini, nikamjibu, kwenye vyombo vilivyomleta, na tukakaa na hilo jibu muda.

Michoro ile na nyingine nyingi za wachoraji wa Life zilitolewa kwa serikali ya Marekani mwaka 1960, sasa ziko kwenye mkusanyo wa jeshi la nchi kavu. Lea hakurudi tena vitani baada ya Peleliu. Alifika nyumbani akamaliza zile za jarida, kisha akaanza picha ya mke wake Sarah, mzima kuanzia kichwa hadi miguu, amesimama nje kwenye jua la kiangazi, akiifuata picha ndogo ya kamera aliyokuwa ameitembeza kwenye pochi vita nzima. Hiyo moja ilimchukua miaka miwili.